Tufungue Injini, Lakini na Daftari Mkononi



Leo tunataka kusema juu ya kitu ambacho wengine wanaona hakistahili karatasi ya shule: injini ndogo ya pikipiki, ile ya mapigo mawili, inayokunywa esansi iliyochanganywa na mafuta. Katika viwanja vingi vya Butembo na Beni iko pikipiki ya namna hiyo, Yamaha ao Suzuki ya zamani, imeegemea ukuta nyuma ya jikoni. Kuku wanalala juu yake. Mwenyewe alikuwa mwalimu, ao mwinjilisti, ao muuguzi wa kituo cha afya. Siku injini ilipokataa alisema ataitengeneza feza ikipatikana, na feza haikupatikana.

Juu ya pikipiki hizo kuna mabishano kati yetu wanafunzi. Kundi la kwanza linasema: mwanafunzi wa kweli hachafui mikono, mambo ya mafuta meusi ni ya wale walioshindwa masomo. Kundi la pili linacheka: «Masomo inasaidia nini? Ule motari aliacha shule zamani, na leo anakula. Benye diplome banakaa paka bure.»

Sisi tunakataa maneno yote mawili. Mawazo yetu ni haya: injini hiyo ndogo inafaa kufunguliwa nyumbani, na sisi wanafunzi, wavulana na wasichana. Lakini ifunguliwe na daftari, na kipimo, na kwa kujua mahali ambapo kazi ya nyumbani inaishia. Anayefungua bila kupima hatengenezi, anaharibu polepole. Na kwetu pikipiki si mchezo. Masomo ya shule ya msingi yalitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, lakini sisi wa sekondari wazazi bado wanatafuta feza ya shule, na katika nyumba nyingi feza hiyo inatoka juu ya pikipiki. Tena pikipiki njo inayomfikisha mama mwenye uchungu kwenye materniti usiku, na mgonjwa anayetoka mbali. Injini iliyofungwa vibaya inaweza kusimama mahali pabaya.

Kwanza, kwa nini injini hii na si nyingine? Kwa sababu ni nyepesi kueleweka. Ndani yake vitu vikubwa vinavyotembea ni vitatu tu: pistoni, bieli (ni kusema ule mkono unaoishika pistoni), na mhimili wa chini unaozunguka. Hakuna vali za kufungua na kufunga kwenye kichwa, kama katika injini za mapigo manne. Pistoni yenyewe njo mlango. Ikipanda, inabana hewa na esansi juu yake, na wakati ule ule inavuta nyingine mpya chini yake. Buji inatoa cheche, mlipuko unaisukuma pistoni chini. Ikishuka inafunua kwanza tundu la moshi, kisha matundu ya pembeni, na esansi mpya iliyokuwa imebanwa chini inapanda na kuufukuza moshi. Basi, inaanza tena. Mzunguko mmoja, mlipuko mmoja. Mwalimu wa fizika akitueleza mgandamizo wa hewa ubaoni, tunaandika na kusahau. Mtu aliyeweka kidole kwenye tundu la buji wakati mwenzake anapiga kiki, hasahau tena.

Hesabu nayo iko pale pale. Tuchukue Suzuki A100, ambayo wazee wetu wengi wanaijua. Silinda yake ina upana wa milimita 50, na pistoni inatembea milimita 50. Nusu ya upana ni sentimita 2,5. Basi 2,5 mara 2,5 mara 3,14 mara 5 ni 98,1. Njo maana kitabu chake kinasema sentimita za ujazo 98, hata kama sisi tunaiita «mia». Silinda ikilika na fundi akaipanua kwa nusu milimita, fanya hesabu tena: utapata 100 na kidogo. Injini hiyo ikizunguka mara 6.000 kwa dakika, ni milipuko 100 kwa sekunde moja, na pistoni inatembea meta 10 kila sekunde, kwenda na kurudi ndani ya kichumba kinachoenea kiganjani. Tunasema kweli, hakuna zoezi katika daftari zetu linalotufundisha eneo la duara vizuri kuliko hilo.

Wengine watasema: hizo ni kazi za Wajapani, watu waliosoma sana. Tutazame basi walivyoanza. Jina Yamaha lililoandikwa kwenye tenki ni jina la mtu, Torakusu Yamaha. Mwaka 1887, katika mji wa Hamamatsu, alitengeneza kinanda cha shule kilichokuwa kimeharibika. Baada ya kuona namna kilivyoundwa ndani, akaunda chake. Njo maana hata leo alama ya Yamaha ni vyuma vitatu vya kupimia sauti ya muziki. Katika mji ule ule wa Hamamatsu, Michio Suzuki alianza mwaka 1909 na mashini za kufuma vitambaa. Na nyuma ya vita, mwaka 1946, Soichiro Honda alichukua viinjini vidogo vilivyokuwa vikiwashia redio za jeshi, akavifunga juu ya baiskeli. Kampuni ya Yamaha ilipounda pikipiki yake ya kwanza, YA-1 ya mwaka 1955, ilifuata mfano wa pikipiki ya Wadachi, DKW RT 125, ya mapigo mawili. Waingereza na Waamerika walikuwa wamekwisha kuifuata mbele yao.

Hao watu hawakuona haya kufungua kazi ya mwingine ili waielewe. Lakini hawakufungua kwa nyundo. Walifungua kwa kupima na kuchora, na kile walichopima kikawa mali yao. Sisi wa Butembo tunasifiwa kwa biashara. Wafanyabiashara wetu wanafika Dubai na China, na vitu vyao vinapita Mombasa na Uganda hadi Kasindi. Kununua na kuuza tunajua. Mafundi pia tunao, tena wajanja sana. Kinachokosekana ni daftari kati ya mkono wa fundi na kichwa cha mwanafunzi. Fundi akifa, ujuzi wake unafuatana naye kaburini, sababu haukuandikwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na ujuzi ni mali.

Sasa, kazi yenyewe inakwenda namna gani? Tutasema kwa kifupi, ili anayetubeza aone kama ni kazi ya mtu asiyefikiri.

Mbele ya kufungua, safisha injini kwa nje, ili mchanga usiingie ndani. Chora mahali pa kila kitu, ao piga picha kama nyumbani iko simu. Skrubu za mahali pamoja zikae katika kopo moja lenye jina lake. Gurudumu la sumaku halitoki kwa kupigwa; lina chombo chake cha kulivutia, na kama huna, azima. Ukiisha kuondoa kichwa na silinda, ziba mdomo wa chumba cha chini kwa kitambaa safi. Kichuma kimoja kikianguka humo, utaifungua injini yote kwa ajili yake.

Kisha inakuja saa ya kupima. Segma, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, haziangaliwi kwa macho tu. Chukua segma peke yake, iingize ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya kati ya ncha zake mbili. Kwa silinda ya milimita 50, segma mpya inaacha mwanya wa milimita 0,2 ao 0,3 hivi. Ukikuta unakaribia milimita 1, kitu kimelika. Ni kitu gani? Jaribu segma mpya mahali pale pale. Mwanya ukiwa mdogo, segma ya zamani njo ilikuwa mbaya. Ukiwa bado mkubwa, silinda yenyewe imeisha, na kununua segma peke yake ni kutupa feza. Jaribio hilo dogo, la dakika 5, linamwokoa baba wa jamaa asinunue kitu mara mbili.

Wakati wa kurudisha, angalia: ndani ya mifereji ya pistoni kuna vijiti vidogo, na ncha za segma zinakaa hapo, zisije zikanaswa katika matundu ya silinda na kuvunjika. Mshale ulio juu ya pistoni kwa kawaida unatazama upande wa moshi. Vile vichuma viwili vinavyozuia pini ya pistoni visitumiwe mara ya pili; bei yake ni ndogo, na kimoja kikiruka kinachana silinda nzima. Masizi ya tundu la moshi yaondolewe kwa kijiti kigumu, si kwa kisu.

Kuna tena kitu ambacho mafundi wengi wanakiacha: mipira ya kuziba iliyo pande mbili za mhimili wa chini. Katika injini hii chumba cha chini kinafanya kazi ya pampu, basi lazima kiwe kimefungwa kabisa. Mpira wa upande wa sumaku ukipasuka, hewa inaingia kwa siri, esansi inakuwa kidogo kwa ile hewa nyingi, na pistoni inachomeka. Ukipasuka wa upande wa gia, injini inavuta mafuta ya gia na kutoa moshi mweupe bila kuisha. Kuipima si lazima mashini kubwa: ziba tundu la kuingilia na la kutokea, sukuma hewa kidogo sana kwa pampu ya baiskeli, pakaza maji ya sabuni, na tazama mapovu yanatoka wapi.

Hayo yote yanawezekana nyumbani. Lakini sasa tuseme neno ambalo kundi la pili halipendi. Kuna kazi mbili ambazo si za nyumbani. Ya kwanza ni kupanua silinda: hiyo ni ya mashini, na ya fundi anayejua kuacha nafasi ndogo inayotakiwa kati ya pistoni na silinda. Anayesugua kwa msasa na kusema «itajizoeza yenyewe» anadanganya. Ya pili ni mhimili wa chini. Shika bieli, ivute juu na kuisukuma chini. Ikitikisika kidogo pembeni, ni kawaida. Ikigonga juu na chini, imekwisha, na kuibadilisha inataka mashini ya kubana na chombo cha kunyoosha. Kwa nyundo haiwezekani. Hapo mwanafunzi anafunga kopo zake, anaandika vipimo, na anampelekea fundi wa mjini. Kuuliza si ujinga. Kumwambia mwenye pikipiki «kazi hii inanipita» ni heshima kubwa kuliko kumrudishia kitu kitakachomwangusha.

Halafu kuna barabara. Sisi tunaishi kati ya miji miwili isiyo ya urefu mmoja. Butembo iko juu, Beni iko chini, na tofauti yake ni zaidi ya mita 500. Katika urefu huu wetu, ukipanda mita 100 hewa inapungua karibu asilimia 1. Basi injini iliyopangwa vizuri Beni, ikifika Butembo inakosa hewa kidogo, buji inakuwa nyeusi, na mwenyewe analalamika kwamba inakula esansi. Fundi anapunguza esansi kwenye kabureta, anapunguza tena, hata inakwenda vizuri. Lakini siku pikipiki hiyo itakaposhuka Beni, itakutana na hewa nyingi, na esansi ni ile ile ndogo. Moto unapanda ndani. Fungua buji utazame: rangi ya udongo wa kahawia ni nzuri, nyeupe ni hatari.

Tena katika injini ya mapigo mawili iliyochanganyiwa mafuta ndani ya tenki, mafuta yanaingia pamoja na esansi. Motari akishuka miteremko ya Kabasha akiwa ameachia esansi kabisa na gia iko ndani, injini inazunguka kwa nguvu ya magurudumu lakini hainywi kitu. Pistoni inakimbia karibu kavu. Inaweza kukamatwa ndani ya silinda, «imegripe» kama mafundi wanavyosema, na gurudumu la nyuma linasimama ghafula. Anayejua hilo anashika klachi, tena mara kwa mara anafungua esansi kidogo hata kwenye mteremko.

Juu ya kuchanganya mafuta tusiseme «kifuniko kimoja kinatosha». Kama kitabu cha pikipiki kinataka sehemu 1 ya mafuta kwa 25 za esansi, basi kwa litre 5 ni mililita 200. Kikitaka 1 kwa 50, ni mililita 100. Hiyo ni hesabu ya darasa la chini kabisa, na injini ngapi zinakufa kwa ajili yake! Na esansi tunayonunua kando ya barabara kwa makadafi, ichujwe mbele ya kuingia katika tenki.

Tunasikia pingamizi moja lenye nguvu. Watu watasema: pikipiki za mapigo mawili zimepitwa. Leo barabara imejaa Boxer na TVS kutoka Uhindi, za mapigo manne, zinazokula esansi kidogo na kutoa moshi mdogo. Ni kweli. Hatutaki zile za zamani zirudi kubeba abiria. Moshi wake ni mbaya kwa mapafu, sababu kila mzunguko sehemu ya esansi inatoka nje bila kuungua. Lakini mapigo mawili hayajatutoka. Misumeno ya injini inayopasua mbao katika misitu ya Beni ni ya mapigo mawili. Jenereta nyingi ndogo zinazobebwa kwa mkono, zinazowasha taa na kuchaji simu, ni za mapigo mawili. Na aliyeelewa mapigo mawili, mapigo manne hayamshindi. Mtoto anaanza na a, e, i, o, u mbele ya kusoma barua. Ile pikipiki wanayolalia kuku, hata isipotembea tena, ni kitabu cha bure.

Kwa hiyo tunaomba vitu vine.

Kwa wazazi: msiuze injini ya zamani kwa kilo ya chuma mbele ya watoto kuifungua na kuielewa. Tena msimwite binti aondoke aende jikoni wakati kaka yake anafundishwa. Mkono unaoshona nguo kwa kipimo unaweza kuweka segma kwa kipimo.

Kwa walimu wetu: injini moja iliyokufa iwekwe katika chumba cha fizika, na vyombo vya kupimia vya maabara vitoke kabatini siku ya Jumamosi. Chombo cha kupimia kinachokaa kabatini hadi mtihani wa Serikali hakifundishi mtu.

Kwa mafundi wa mji: mtupokee tukija na maswali na daftari. Hatuji kuwanyang'anya kazi. Tutaandika yale mnayoyajua, na majina yenu yatakaa katika daftari zetu.

Kwa sisi wenyewe: tusioshe vyuma kwa esansi ndani ya nyumba, wala karibu na makala ao taa ya moto. Mafuta machafu tusimwage Kimemi wala katika mto mwingine wowote, sababu kuna watu wanaochota chini yake. Na mbele ya kupokea feza ya mtu, tuwe tumefungua na kufunga injini ya nyumbani kwetu, ikawaka, ikatembea, na vipimo vyake vikaandikwa.

Hayo njo mawazo yetu. Aliyesoma bila kugusa chuma na aliyegusa chuma bila kusoma, wote wawili wanahitaji kukaa kwenye benchi moja, mmoja ashike kalamu na mwingine ashike ufunguo, kisha wabadilishane. Anayeona tumekosea asinung'unike uwanjani. Aandike, alete karatasi yake mbele ya toleo linalokuja, nasi tutaisoma. Kama ana pikipiki iliyolala nyumbani, atuandikie pia upana wa silinda yake, na mwanya wa segma aliopima mwenyewe.